Gauni la Honi

Mama mkwe wangu hanipendi, na katika hili sipigi chuku. Siku mume wangu aliponipeleka kwao mara ya kwanza, mama yake alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, halafu akamwambia mwanawe mbele yangu, "Fundi nguo. Haya, kushona anajua. Sijui anajua nini kingine." Miaka kumi na minne imepita na bado hajapata jibu la kumridhisha. Nami sikubaki nyuma. Nikimwita Mama, ni mdomo tu unaoita.

Watu wengine wote wanamwita Honi. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na sita, na akisimama mlangoni kwake akapaza sauti "Sahani!", waliokuwa upande wa pili wa uwanja wa mpira walisikia, na waliojificha kukwepa kufua walijitokeza. Jiko lake lilikuwa na mafiga matatu ya kuni, sufuria za kumtosha mtu mzima kuoga ndani yake, na dirisha moja. Moshi ulikuwa ukitoka kupitia dirishani na kupitia kwake. Mwishowe akawa hamalizi sentensi bila kukohoa, na mwalimu mkuu akamwita ofisini akamwambia wazazi wanalalamika kwamba mpishi anakoholea chakula cha watoto wao. Baada ya miaka ishirini na sita, hilo ndilo neno aliloondoka nalo. Kwa hilo namhurumia.

Alihamia kwetu miaka mitatu iliyopita, maana mume wangu ndiye mwanawe wa kiume pekee. Alipewa chumba kilichopakana na chumba changu cha kazi, na siku ya pili tu akatangaza kwamba cherehani yangu inamtwanga kichwani. Nilimjibu kwamba cherehani hiyo ndiyo inayomlisha. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na anapenda vitu vitulie, alichukua begi lake la kazi akatoka. Ndivyo afanyavyo siku zote.

Kila mwezi mama alikwenda kliniki ya kifua. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa kwa moshi, njia za hewa zimekuwa nyembamba, na walishamwambia kwamba ugonjwa huo hauponi, unatulizwa tu. Juu ya jalada lake la hospitali mtu fulani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: KIFUA SUGU. Yeyote aliyelishika lile jalada alisoma maneno hayo mawili kwanza, na wengi waliishia hapo.

Ugonjwa ulikuwa umemla. Alibaki na kilo arobaini na nne, mabega yamechomoza kama vining'inizio vya nguo. Majirani walimwita mfupa, si usoni pake, lakini alikuwa akijua. Mtu aliyewahi kunyanyua sufuria la lita sitini peke yake hapendi kuitwa mfupa.

Basi ikaja barua kutoka shuleni. Shule ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na wafanyakazi wa zamani wangepanda jukwaani kupewa vyeti mmoja mmoja. Mkono wa kumpa ungekuwa wa mwalimu mkuu yuleyule. Honi aliisoma barua mara tatu, kisha akaja chumbani kwangu akasimama mbele ya meza ya kukatia.

"Nataka gauni," akasema. "La bluu. Mikono mirefu. Na usinishonee kama unamshonea maiti."

"Maiti hashonewi mikono mirefu, Mama," nikamjibu, nikachukua tepu.

Nina daftari la vipimo. Ninalo tangu nianze kazi, sasa ni la tisa. Kila mteja ana ukurasa wake, na kila kipimo kina tarehe, maana watu hubadilika halafu wakaja kukulaumu wewe. Nikaandika: shingo inchi kumi na tatu, mkono wa juu tisa na nusu, kiuno thelathini, nyonga thelathini na sita. Kwa kuwa kitambaa kilibaki, nilimkatia na suruali ya kulalia yenye lastiki chini, nikampima na kifundo cha mguu: inchi nane. Alipokea suruali ile bila kusema asante, nami sikuitarajia.

Katika miezi miwili iliyofuata kifua kilimchafuka mara mbili. Kila mara tulikimbizana hospitali, akapewa vidonge vya wiki moja, dawa ya kuua vijidudu, na maelekezo ya kuvuta pampu zaidi. Baada ya mara ya pili akaanza kuongezeka uzito. Siku ya kliniki muuguzi wa mizani alitazama mshale, akapaza sauti ili foleni nzima isikie. "Kilo arobaini na tisa! Hongera, bibi! Mwoneni mwenzenu, anakula huyu!" Wagonjwa wa kwenye benchi wakampigia makofi, wale wenye pumzi ya kupiga makofi. Honi alinigeukia.

"Nakula," akasema, "ingawa kwa mkono wa nani, Mungu ndiye anayejua."

Siku chache baadaye alinirushia ile suruali ya kulalia mezani. Lastiki inamkata, akasema, nimemfunga miguu kama mzigo wa kuni. Nilikasirika, maana sijawahi kurudishiwa lastiki na mtu yeyote. Nikamwambia aonyeshe. Akainua pindo. Juu ya kifundo kulikuwa na mfereji uliozama ndani ya nyama, na ngozi ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Niliona. Nikabadilisha lastiki, basi.

Wiki moja baadaye nikamjaribisha gauni. Halikufunga. "Fundi wa kubahatisha," akasema. Nikafungua daftari, nikampima upya mbele ya macho yake. Kiuno kilikuwa kimepanda hadi thelathini na nne. Mkono wa juu ulikuwa umeshuka hadi tisa.

Hapa nitasema ukweli, maana nimechoka kuubeba. Nimewapima watu miaka ishirini. Mtu akinenepa, ananenepa mikono, mgongo, shingo, na chini ya sidiria. Sijamwona bado mtu anayenenepa kiuno na miguu huku mikono inapukutika. Nilipoandika ile tisa chini ya tisa na nusu, kalamu ilisimama. Nilijua kuna kitu. Lakini asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemsikia akimwambia binti yake kwenye simu kwamba namlisha makombo yaliyopoa, nami nilikuwa bado nawaka. Nikafunga daftari. Nikafumua mshono, nikaliachia gauni kwa kile kitambaa cha akiba nilichokuwa nimekikunjia ndani, nikanyamaza.

Kulikuwa na jambo jingine lililonifunga mdomo, nalo linaniaibisha zaidi. Wifi yangu, huyo binti wa Honi, alikuja kututembelea. Ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minne hajavuka mlango wangu bila kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Siku hiyo alimtazama mama yake, akapiga kofi la furaha. "Mama amenawiri! Jamani, wifi, hapo umetuheshimu." Nilijibu kwamba ni kazi ndogo tu. Nilitembea na sifa ile siku mbili nzima. Wiki iliyofuata gauni liligoma kufunga tena, nikaliachia mara ya pili, mpaka akiba yote ya kitambaa ikaisha, na bado sikusema kitu.

Yeye mwenyewe alikuwa anakwisha pumzi. Honi, aliyekuwa akiita uwanja mzima, sasa alikuwa anaongea maneno mawili, anapumzika, mawili tena. Pampu hakuiachia mkono. Alfajiri moja nilikwenda chumba cha kazi kumalizia sare za watu, nikamkuta amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, kichwa amekilaza mezani juu ya vitambaa vya wateja.

"Umelala hapa?"

"Nimeamka mapema. Ni kosa?"

Alfajiri iliyofuata alikuwa hapohapo. Ya tatu pia, na safari hii mito yote ya nyumba ilikuwa nyuma ya mgongo wake, hata wa mume wangu. Kitanda chake hakikuwa na mkunjo.

Siku sita kabla ya sherehe nikamjaribisha gauni mara ya mwisho. Halikupita hata nyonga. Hapo hofu ikaishinda hasira. Nikampima upya: shingo kumi na tatu, mkono nane na nusu, kiuno thelathini na saba. Nikapiga magoti, nikamzungushia tepu kifundoni: inchi kumi na moja. Nikabonyeza muundi kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka tano, nikaachia. Shimo likabaki. Lilikuwa shimo la kuweka punje ya harage isidondoke.

Akanipiga mkononi kwa pampu. "Unanipima sanda?"

"Mama, haya si mafuta. Haya ni maji."

"Wivu," akasema, akavuta pumzi. "Ulitaka nibaki mfupa."

Mume wangu aliporudi nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa. "Mama amenenepa kidogo, na wewe unaona ugonjwa," akaniambia. "Hivi una nini na mama yangu?" Nilimwambia nilicho nacho ni tepu, na tepu haina mama mkwe. Akaenda kulala. Nilichukia nyumba nzima usiku ule, pamoja na mimi mwenyewe.

Asubuhi Honi alitoka bafuni akaishia katikati ya ukumbi. Ni hatua saba tu mpaka chumbani kwake. Alishika ukuta, midomo imekuwa ya kijivu, bega linapanda na kushuka. Sikumwita mtu. Niliita teksi, nikachukua jalada lake kwa mkono mmoja na daftari langu kwa mwingine.

Daktari wa kifua alikuwa mtu mrefu, mwenye macho mekundu kwa uchovu, anayeandika huku anasalimu. Alisoma wino mwekundu. Alimsikiliza kifuani sekunde chache juu ya nguo. "Kimechafuka tena," akasema, kalamu ikaanza kwenda. "Vidonge vilevile, wiki mbili safari hii."

"Daktari, tazama miguu yake," nikasema.

"Ni dawa, mama. Vidonge vile huvimbisha watu."

Niliweka daftari juu ya karatasi aliyokuwa akiiandika. Kalamu yake ikachora mstari juu ya ukurasa wa Honi, upo mpaka leo. "Nimewapima wateja wanaovimeza, vinavimbisha uso na shingo," nikamwambia. "Shingo yake ilikuwa kumi na tatu, na jana ilikuwa kumi na tatu. Mkono umeshuka inchi nzima. Kiuno kimepanda inchi saba. Kifundo kilikuwa nane, jana jioni ni kumi na moja."

"Wewe ni nani?"

"Fundi nguo."

"Basi shona," akasema.

Na mama mkwe wangu, anayehema kama kuku aliyekimbizwa, alicheka. Alimwunga mkono daktari dhidi yangu kwa pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Muulize analala wapi," nikasema.

"Kitandani," Honi akajibu upesi.

"Mwongo mkubwa! Analala amekaa kwenye kiti cha cherehani yangu, na mito mitano mgongoni. Wiki nzima."

"Ananipeleleza!" Akataka kuongeza neno, kikohozi kikamkata. Mkono wake ulikuwa unanitafuta hewani, nadhani anipige.

Kelele zetu zilikuwa zimefika kwenye benchi la nje. Lakini daktari alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Bibi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ukilala chali unakuwaje?"

Honi alitazama ukuta.

"Bibi."

"Nazama," akasema.

Daktari akaacha kalamu. Alizunguka meza, akachuchumaa, akabonyeza muundi kama nilivyobonyeza mimi, akalitazama shimo mpaka nikadhani amesahau kusimama. Akamgeuza kichwa kidogo, akaangalia mshipa wa shingoni, uliokuwa umesimama umejaa mpaka karibu na sikio ingawa mama alikuwa ameketi wima. Akapandisha blauzi, akamsikiliza mgongoni, chini kabisa, upande huu na upande ule. Kisha akarudi kwenye daftari langu.

"Hizi tarehe ni za kweli?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Nikiandika uongo, nguo haivaliki."

Aliandika karatasi tatu: damu ipimwe kitu ambacho hupanda moyo ukielemewa, umeme wa moyo upimwe, na moyo wenyewe upigwe picha kwa ile mashine wanayotazamia mimba. Mchana majibu ya damu yakarudi, namba ikiwa mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa. Kwenye mashine ya picha waliniruhusu kusimama mlangoni. Niliuona moyo wa mama mkwe wangu, umetanuka, unajikunja nusu na kuachia, kama mtu anayelazimishwa kupiga makofi. Nilikuwa nimewahi kusema kwa hasira kwamba hana moyo. Nilitazama pembeni.

Daktari alituita mimi na mume wangu, aliyekuwa amefika na vumbi la kazi. "Mapafu mabovu yapo palepale," akasema. "Lakini moyo nao umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini. Mchana yanashuka miguuni, akilala yanarudi kifuani. Huku na huku dalili ni moja: mtu anakosa pumzi. Ni kama nyumba mbili zinazopakana ukuta. Mtoto akilia, ukizoea kwamba kilio hutoka nyumba ya kwanza, ya pili huendi kubisha."

"Na mizani?" nikauliza. "Si mlimpigia makofi?"

"Tulifurahi mapema. Wenye kifua hiki hukonda, mmoja akiongezeka tunashukuru." Alipangusa macho. Kisha akageuza kurasa za daftari, akaweka kidole kwenye siku niliyoliachia gauni mara ya kwanza. "Hapa lilikuwa limeshaanza. Wiki tano. Ungeniletea hili daftari siku hii, asingefika alipofika leo."

Alisema kweli, nami nilimchukia kwa kuisema. "Na wewe ungemgusa mguu kliniki ya mwezi huo," nikamjibu. "Ulimwona. Aliketi hapahapa."

Mume wangu alikuwa anakodolea sakafu. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Honi alilazwa siku kumi na moja. Walimchoma sindano za kutoa maji, akawa anaitwa chooni kila dakika, akawalaani wauguzi mmoja baada ya mwingine, mpaka wakajua wenyewe kwa nini anaitwa Honi. Kilo zilianguka kutoka hamsini na tatu hadi arobaini na mbili. Siku ya sherehe ya shule alikuwa amelala, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, kulala kabisa, kichwa kwenye mto mmoja. Alipoamka na kukumbuka ni siku gani, aligeukia kitanda cha jirani. "Unamwona yule mwenye tepu shingoni?" akamwambia mgonjwa mwenzake. "Yule ndiye aliyenikosesha cheti changu."

Nyumbani nilikabidhiwa amri za daktari: chumvi karibu na hakuna, maji kwa kipimo, mizani kila asubuhi, vidonge vya moyo juu ya pampu za kifua. Mume wangu alinunua mizani, akaiweka bafuni, na jioni moja akaniambia, akitazama jokofu alilokuwa anatengeneza, "Ile siku, kuhusu Mama, nilikosea." Nikamwambia nimesikia. Zaidi ya hapo sikuwa na cha kumpa.

Kisha wifi akaja. Alisimama mlangoni pa chumba cha mama yake akashika mdomo. "Mama! Umekuwa hivi? Juzi ulikuwa umenawiri!" Akaonja chakula kilichokuwa kwenye sahani, akakitema kwenye kiganja. "Hata chumvi? Wifi, hata chumvi mnamnyima? Kikulacho ki nguoni mwako, Mama, nilikwambia mimi. Huyu anakumaliza polepole na sisi tunatazama."

Nilieleza. Moyo, maji, daktari. Alinikatiza kwamba alimwona mama yake kwa macho yake akiwa mnene na mwenye afya, na tangu nimpeleke mimi hospitali amerudi mfupa. Nikamgeukia Honi. Alikuwa ameketi kitandani, pumzi zake zimetulia, sauti yake imerudi. Sentensi moja kutoka kwake ingetosha. Alinitazama, akamtazama binti yake, akachukua kijiko akaendelea kula.

Nilirudi kwenye cherehani nikakanyaga pedali mpaka uzi ukakatika. Nilikuwa nimeamua. Ningemwambia mume wangu achague, mama yake au mimi, na nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Wifi alipoondoka nilisikia miguu ukumbini. Hatua saba, kisha nyingine, bila kushika ukuta. Honi aliingia, gauni la bluu mkononi, akakaa kwenye kile kiti cha wateja.

"Ulipoliachia mara ya kwanza," akasema, "uliona."

Nilizima cherehani. Sikujifanya sielewi. "Niliona."

"Nilikuona ukiona. Kalamu ilisimama. Halafu ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Mama. Nilikuwa na hasira na wewe. Na wewe ulikuwa unalala umekaa, na ukamwambia daktari unalala kitandani."

"Nilijua si unono," akasema. "Mtu anajua mwili wake. Lakini nilitaka yule mwalimu anione mnene kwanza. Nipande jukwaani nimejaa, nipokee kwa mkono wangu, halafu lije litakalokuja." Alikunjua gauni magotini. "Sasa nitakwenda nilivyo. Cheti kipo ofisini kwao, wanasema nikifuate mwenyewe. Ijumaa. Libane hili."

"Ulisikia aliyoyasema wifi."

"Nilisikia."

"Na hukusema kitu."

"Nawe hukusema kitu wiki tano," akasema. "Mimi nimenyamaza nusu saa tu."

Nilichukua gauni, nikaligeuza ndani nje, nikaanza kuweka pini. Lilikuwa limezidi karibu inchi nne kila upande. Nikashika mkasi, maana nguo ikibanwa kiasi hicho mtu hukata ziada ili mshono ukae sawa.

"Usikate kitambaa," akasema.

"Kitatuna ndani, Mama. Hakitapendeza."

"Kiache humo humo."

Nikaweka mkasi chini. Daktari alikuwa ametuambia wote wawili kwamba maji yanaweza kurudi, na moyo uliochoka haurudi kuwa wa msichana. Nikakunja ziada yote ndani, nikaifunga kwa mshono mrefu ambao ukiuvuta uzi mmoja unafumuka wote.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshapandisha pindo la suruali ya kulalia. Mguu wake, mwembamba, mkavu, wenye kovu la zamani la uji wa moto, alikuwa ameuweka juu ya stuli, karibu na mkono wangu.

"Pima," akasema. "Andika na tarehe. Na safari hii ukiona, sema, hata kama tunagombana."

Nikapima. Inchi nane. Nikaandika.